Kingaradi za Mchirizi wa Mapema: Dai na Utata Wake

Neno radi limetokana na Kiarabu, na kiasili hutaja ngurumo, yaani sauti. Sauti haiui. Kinachoua ni umeme unaoitangulia, na huo ndio vyuma vinavyosimikwa juu ya mapaa hukusudiwa kuupokea. Makala haya yanaangazia aina moja ya vyuma hivyo, kingaradi za mchirizi wa mapema, ambazo wauzaji wake hudai kwamba moja tu hutosha kulinda jengo zima pamoja na uwanja wake.

Kabla ya kulipima dai hilo, yafaa kueleza jinsi umeme unavyoshuka. Chaji hasi inapolimbikizana sehemu ya chini ya wingu, hujitafutia njia kwa hatua za makumi ya mita. Njia hiyo huitwa kitangulizi. Kinapokaribia ardhi, vitu vilivyochongoka, kama vile miti, minara na pembe za mapaa, huanza kutoa michirizi inayopanda kukilaki. Mchirizi utakaowahi kukutana nacho ndio huamua mahali patakapopigwa. Papo hapo mkondo wa maelfu ya ampia hupita. Hivyo basi, kingaradi haifukuzi radi kama wengi wanavyodhani. Huialika, kisha huipitisha kwenye waya mnene hadi ardhini. Kanuni hii, iliyoasisiwa na Benjamin Franklin katika karne ya 18, haijatenguliwa.

Kingaradi ya mchirizi wa mapema huongezewa kichwani kifaa cha kuzalisha cheche, ili mchirizi wake uondoke kabla ya mingine. Muda unaopiganiwa ni mdogo mno: mikrosekunde 60, kikiwa ndicho kiwango cha juu katika kanuni ya Ufaransa, NF C 17-102, iliyotolewa mwaka 1995 na kurekebishwa mwaka 2011. Kanuni hiyo huchukulia kuwa mchirizi hupanda mita 1 kwa kila mikrosekunde. Kwa hiyo hutangulia kwa mita 60. Hapo ndipo yanapotoka maduara mapana ya ulinzi yanayochorwa na wauzaji.

Hesabu yenyewe ni sahihi. Tatizo ni kile kinachohesabiwa. Vipimo vya radi ya asili vimeonyesha kwamba mara nyingi michirizi hiyo huanza kwa kasi iliyo takriban sehemu moja ya kumi ya hiyo. Isitoshe, mchirizi ulioharakishwa hufifia iwapo uga wa umeme hauna nguvu ya kuuendeleza. Nchini Malaysia, watafiti Hartono na Robiah walikusanya picha za majengo ya Kuala Lumpur yaliyomegwa pembe na radi ndani ya eneo lililodaiwa kulindwa. Kanuni ya kimataifa, IEC 62305, haiitambui nyongeza hiyo ya masafa.

Suala hili si la maabara pekee. Mwezi Juni 2011, radi iliua wanafunzi 18 katika Shule ya Msingi ya Runyanya nchini Uganda. Shule yenye fedha chache ikinunua kichwa kimoja cha bei ghali, kisha ikabania waya na nguzo za kuzikwa ardhini, itakuwa imemwalika mgeni bila kumwonyesha mlango wa kutokea. Fedha hizo hizo zingeweza kununua vyuma kadhaa vya kawaida kwenye pembe na kilele cha paa, nyaya mbili au zaidi za kuteremshia mkondo, na viungo vya kuyafunganisha mabati na mabomba ya maji na mfumo huo.