KIPINDI CHA UTALII KITAMU, ILA KILOMITA 10 ZA MWISHO NANI ATATUAMBIA?

Leo naomba tuongelee vipindi vya utalii vya redioni na kwenye tivii, vile vinavyotuambia wikiendi usikae nyumbani, nenda ukatembee. Wengi tunavipenda. Ila wengi pia kipindi kikiisha tunabaki pale pale tulipokuwa. Nitaeleza kwanini inakuwa hivyo, na jinsi maoni yetu sisi wasikilizaji yanavyoweza kuviboresha. Maana maoni tunatuma kibao, lakini mengi hayamsaidii hata huyo mtangazaji.

Nianze na yaliyotukuta sisi.

TULIVYOKWAMA KOLO

Tulikuwa sita, wote wa hapa Singida mjini. Mshkaji wetu mmoja, fundi simu, alikuwa amepata kazi mbali na alikuwa anaondoka mwisho wa mwezi. Tukasema huyu tumuage kwa safari badala ya bia. Muda huo kuna kipindi cha redio, jina kapuni, kilikuwa kimetoka kuitangaza michoro ya mapangoni ya Kolo, wilaya ya Kondoa. Mtangazaji alipamba mpaka basi. Akasema michoro ya watu na wanyama, ya kale kweli kweli, ipo huko kando ya barabara kuu ya Dodoma–Babati, na lami ni tupu. Tukachanga elfu arobaini arobaini kila mtu.

Alfajiri tukawa stendi ya Misuna. Tukapanda basi la Arusha, tukashuka Babati, tukadandia jingine la kushuka Kondoa. Kolo tukafika saa nane kasoro mchana. Lami ilikuwepo kama alivyosema, na kijiji kiko kando ya barabara, na ofisi ya Mambo ya Kale tuliikuta. Kumbe michoro yenyewe haiko pale! Mapango ya Mongomi, ambayo ndiyo wageni wengi hupelekwa, yako karibu kilomita 10 kutoka kijijini. Njia ni ya vumbi na mawe, inataka gari la juu, na ukifika bado unapanda kilima kwa miguu. Tena huendi kichwa kichwa, unakwenda na mwongozaji.

Bei ya gari tuliyotajiwa na watu wa pale ilikuwa inameza nauli yetu ya kurudi nyumbani. Tukapiga hesabu ya bodaboda sita, nayo ikakataa. Jua nalo linashuka. Tukakaa chini ya mti, tukanunua mahindi ya kuchoma, tukageuza. Fundi simu alicheka tu, akasema "angalau nimeiona lami". Sasa hivi yuko huko kazini kwake, michoro hajaiona.

Mtangazaji hakutudanganya hata neno moja. Kila alichosema kilikuwa kweli. Alichoacha kusema ndicho kilichotukwamisha.

KUONYESHA NI KITU KIMOJA, KUPANGA NI KINGINE

Vipindi vya safari viko vya aina mbili. Kuna vya kuonyesha na kuna vya kupanga. Cha kuonyesha kinakupa hamu. Cha kupanga kinakupa hesabu. Vingi vya kwetu ni vya aina ya kwanza, na sababu inaeleweka.

Chukua mifano mikubwa. Desemba 2018 TBC ilizinduliwa chaneli nzima ya utalii, Tanzania Safari Channel. Mwaka 2022 ikaja filamu ya Royal Tour, ambapo Rais Samia Suluhu Hassan alimtembeza mtangazaji Mmarekani Peter Greenberg kwenye vivutio vya nchi, na uzinduzi wa kwanza ukafanyika New York mwezi Aprili. Kazi kubwa ya vitu kama hivi ni kuitangaza nchi, na huwezi kuvilaumu kwa hilo. Mgeni wa New York hahitaji kuambiwa basi la Babati linaondoka saa ngapi. Akitua tu, kampuni ya utalii inamsubiri na gari, dereva na chakula.

Mimi na wewe hatusubiriwi na mtu. Kwa mwaka 2024 wageni kutoka nje walihesabiwa zaidi ya milioni 2, na watalii wa ndani zaidi ya milioni 3. Kwa hiyo sisi ndio wengi, ila bado tunahudumiwa na vipindi vilivyopangwa kama vile msikilizaji ana gari nje.

Na kuna jambo ambalo vipindi vinalizungusha sana: kiingilio. Utasikia kila siku "Mtanzania analipa kidogo". Ni kweli, kwenye hifadhi zetu Mtanzania analipa kwa shilingi, tena kidogo mno ukilinganisha na dola za mgeni. Lakini kiingilio siyo kinachotufanya tukae nyumbani. Ni gari. Huwezi kuingia Serengeti au Tarangire kwa miguu ukaanza kutafuta simba. Kipindi kikitaja kiingilio bila gari ni sawa na kukutajia bei ya chumvi wakati nyama hujanunua.

HATA MAREKANI YALIWAKUTA

Msidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Walt Disney alianza kuitangaza bustani yake ya michezo na burudani, Disneyland ya California, kwenye tivii tangu Oktoba 1954, kabla haijafunguliwa. Siku ya ufunguzi, 17 Julai 1955, tivii ya ABC ilirusha sherehe moja kwa moja, na mmoja wa watangazaji alikuwa Ronald Reagan, yule aliyekuja kuwa rais. Walioangalia nyumbani waliona raha tupu.

Waliokuwepo pale waliona mengine. Watu walifurika kuliko walioalikwa, wengi wakiwa na tiketi za kughushi. Joto lilikuwa kali na mabomba ya maji ya kunywa hayakutosha. Lami ilikuwa mpya, bado laini, viatu vya kina mama vikazama. Chakula nacho kikaisha.

Leo huko Marekani kuna vipindi ambavyo kazi yake ni kumsaidia mtu kupanga likizo ya kwenda kwenye bustani hizo. Vinaishi kwa maswali ya wasikilizaji: mwezi gani foleni ni fupi, mtoto wa kimo fulani anaruhusiwa kupanda nini, chakula cha kutoka nyumbani unaruhusiwa kuingia nacho? Hayo ni maswali madogo madogo, na ndiyo yanayoamua kama familia inakwenda au haiendi.

MAONI YANAYOFANYA KAZI: TULISHAWAHI KUYAJUA

Kinachonisikitisha ni kwamba sisi Watanzania tulishakuwa walimu wa jambo hili. Waulizeni wazee kuhusu Mtu ni Afya, kampeni ya mwaka 1973. Watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, halafu wakajadili: sisi hapa kijijini kwetu tufanye nini? Choo kichimbwe wapi, madimbwi yafukiwe na nani. Kipindi hakikuishia kwenye spika.

Halafu mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, uliozungumzia uzazi wa mpango na UKIMWI. Yule dereva wa lori, Mkwaju, wengi tulimjua kupitia kwa wakubwa zetu. Watafiti walifanya kitu cha akili: kituo cha Dodoma, hapo jirani zetu, hakikuurusha mchezo huo mpaka 1995. Wakawa wanawahoji watu wa maeneo yaliyousikia na watu wa Dodoma ambao hawakuusikia, wanalinganisha. Na hawakuishia kuuliza "mliupenda?" Waliuliza watu wamefanya nini. Wameongea na wenza wao? Wamekwenda kliniki?

Hapo ndipo penye siri ya maoni. Swali la "umependa?" linamfurahisha mtangazaji. Swali la "ulifanya nini, ukakwama wapi?" linakibadilisha kipindi.

Sasa jiangalie wewe unatuma nini. Meseji nyingi zinazosomwa hewani ziko hivi: "Kipindi kizuri sana, hongereni, ongezeni muda, nawasalimia wote wa Mandewa na Kibaoni." Salamu ni tamu, nami nazituma. Ila jiweke kwenye kiti cha mwandaaji wa kipindi: ameambiwa kipindi ni kizuri, kwa hiyo abadilishe nini? Upande wa pili kuna wale wa "kipindi cha ovyo, mnatuzingua". Huyo naye hajasema kitu. Mwandaaji atafuta na kuendelea.

Meseji ya kawaida ya simu inabeba herufi 160. Sisi tuliporudi kutoka Kolo tulituma hii:

"Kipindi J'mosi kuhusu Kolo: tulifika, michoro iko km 10 toka barabarani, gari hatuna. Tajeni bei ya gari na watu wangapi wanatosha. Vijana 6, Singida"

Humo kuna vitu vinne. Kipindi gani na siku gani. Tulifanya nini. Tulikwama wapi hasa. Na taarifa gani moja ingetuokoa. Matusi hatukuweka, na hiyo ikasaidia, maana mtu ukimtukana anaanza kujitetea badala ya kusikiliza.

Wiki mbili baadaye meseji ilisomwa. Mtangazaji alikaa kimya kidogo, halafu akasema kweli hilo hakulifikiria, yeye alikwenda na gari la ofisi. Kabla kipindi hakijaisha msikilizaji wa Kondoa akapiga simu: pigeni kwanza kwa waongozaji, ulizeni siku ambayo kuna kikundi kingine kinakwenda, mchangie gari. Kumbe jibu lilikuwepo, lilikosa mtu wa kuuliza swali. Tangu siku hiyo, kila mgeni akija studio kusifia kivutio, mtangazaji anamuuliza: "Basi likishanishusha, nafanyaje?" Swali fupi tu, lakini kipindi kimekuwa kingine.

TUNACHOKITAKA KWENYE KIPINDI

Nimekaa na washkaji tukaandika mambo ambayo kila kipindi cha kupanga safari kingetaja kabla ya kuaga:

1. Nauli ya kwenda NA kurudi kutoka mji wa msikilizaji, siyo kutoka Dar au Arusha tu.

2. Kipande cha mwisho. Mfano mtu wa Singida anataka kwenda kuteleza kwenye maji pale Wet 'n' Wild, Kunduchi. Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka huo ilikuwa shilingi 31,000 kwenda Dar. Safi sana. Lakini kutoka Singida mpaka Dodoma bado unahitaji basi, treni inakuacha katikati ya jiji, na Kunduchi iko kaskazini huko pwani. Hivyo vipande viwili vitajwe na bei zake.

3. Basi la mwisho la kurudi ni saa ngapi, na ukichelewa utalala wapi kwa bei ya mtu wa kawaida.

4. Watu wangapi wanafaa kuchanga ili gari liwe nafuu. Hii peke yake ingetuokoa.

5. Miiko ya mahali. Kolo imo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, lakini wenyeji wa pale bado wanafanya matambiko Mongomi. Na ile michoro haishikwi wala haimwagiwi maji ili ing'ae kwenye picha, inaharibika. Msikilizaji aambiwe kabla hajafunga safari.

6. Vivutio vya karibu. Ziwa Singidani na ziwa Kindai yako hapa hapa mjini, maji ya chumvi, na misimu mingine unakuta heroe. Unakwenda kwa miguu, jioni unarudi kulala kwako. Ni mara ngapi umesikia kipindi cha utalii kikiyataja?

Watangazaji watasema muda hautoshi. Hayo mambo sita yanasomeka kwa dakika mbili. Wimbo mmoja ukatwe.

MWISHO

Sitaki muone kama nawashambulia watangazaji. Wengi wanafanya kazi ngumu kwa posho ndogo, na hawajui tunachokwama kwa sababu hatuwaambii. Tukinyamaza wataendelea kutusimulia twiga, na sisi tutaendelea kuwaona twiga kwenye kalenda.

Kwa hiyo zoezi la leo, wadau. Hapo chini kwenye maoni usiniandikie "mada nzuri". Niandikie mahali ulipowahi kwenda au ulipotaka kwenda ukashindwa: ulitokea wapi, nauli ilikuwa kiasi gani, na ulikwama hatua ipi. Nitayakusanya yote nikayapeleke kwa wenye kipindi.

Fundi simu amesema Desemba anakuja likizo. Safari hii tunapiga simu Kolo kwanza.

Nawasilisha.