Ngozi Imepona, Maumivu Yamebaki: Je, Mgonjwa wa Mkanda wa Jeshi Atapona?



Mwaka uliopita, mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye jamaa ya Alfajiri ilikuwa haimpiti, alianza kukosekana katika safu. Nilipokwenda kumzuru nilimkuta ukumbini, kifua wazi, amevaa kikoi peke yake, madirisha yamefungwa ingawa joto lilikuwa kali. "Sheikh," aliniambia, "kanzu inaniunguza, na upepo nao wanichoma." Nilitazama ubavuni mwake nisione jeraha, ila alama za malengelenge yaliyokauka miezi minne nyuma. Wanawe walikuwa wameanza kunong'onezana kuwa baba anajitia. Aliniuliza swali moja tu: "Nitapona?" Nami, Allah anisamehe, nilimwombea dua, nikamuusia subira, nikaondoka. Subira ni haki, lakini siku ile niliitoa kama jawabu zima, kumbe ni nusu yake.

Nusu ya pili niliipata kwa matabibu. Maradhi yale ni mkanda wa jeshi. Huletwa na kirusi kile kile cha tetekuwanga. Mtoto akishapona tetekuwanga, kirusi hakiondoki mwilini. Hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu kwa miaka mingi. Kinga ya mwili ikidhoofika, kwa uzee au kwa maradhi mengine, huamka na kufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi. Ndiyo sababu malengelenge hujipanga kama mkanda, upande mmoja wa mwili. Si husuda wala si kazi ya mchawi.

Upele hukauka kwa wiki chache. Hata hivyo, mshipa uliojeruhiwa huweza kuendelea kupeleka habari za uongo kwenye ubongo, hata mguso wa kanga ukahisiwa kama kaa la moto. Maumivu haya yakivuka miezi 3, huwa yamekuwa maradhi ya peke yake. Huwapata takriban watu 10 hadi 18 katika kila wagonjwa 100 wa mkanda wa jeshi, na wazee ndio wanaopatwa zaidi.

Basi, je, mgonjwa atapona? Jawabu la haki ni hili: wengi hupata nafuu kidogo kidogo, kwa muda wa miezi, na aghalabu maumivu huisha ndani ya mwaka. Wako wachache ambao hubaki nayo kwa miaka. Hata hao hawakuachwa bila ya msaada, kwani maumivu huweza kupunguzwa mpaka mtu akalala, akala na akarudi kwa watu wake.

Dawa za kawaida za maumivu mara nyingi hazitoshi. Madaktari hutumia dawa zinazotuliza mishipa yenyewe, kama amitriptilini na gabapentini. Huanzwa kwa kipimo kidogo, na nafuu yake huchukua wiki kadhaa. Anayeziacha siku ya nne kwa kusema hazifai amejidhulumu. Huleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo mzee asiachwe kuamka usiku peke yake kwenda msalani. Daktari aambiwe maradhi mengine yote ya mgonjwa, hasa ya moyo.

Lililo bora ni kuwahi. Malengelenge yakitokea, mgonjwa afikishwe hospitali ndani ya siku 3, ili apewe dawa ya kudhoofisha kirusi kama vile asikloviri. Yakitokea kwenye paji la uso au pua, ni dharura, kwani jicho liko hatarini. Na kijana akipatwa na mkanda wa jeshi, apimwe virusi vya Ukimwi bila ya kuonewa haya wala kusengenywa, maana huenda kinga yake imedhoofika.

Enyi watu wa nyumba, msimpime mgonjwa kwa ngozi yake. Msadikini. Mtafutieni nguo laini iliyopwaya, na asiyeweza kusimama asali kwa kukaa, kwani sheria imemsahilishia. Ambaye maji yanamdhuru amwulize mwanachuoni wake.

Tukumbuke kisa cha Nabii Ayyub, alayhis-salaam. Qur'ani imemsifu kwa subira, na papo hapo imetueleza kuwa alimshitakia Mola wake dhara iliyompata. Kisha aliamrishwa apige ardhi kwa mguu wake, yakapatikana maji baridi ya kuogea na ya kunywa. Kushitaki hakukuvunja subira yake, wala subira haikumzuia kufanya sababu.

Nilirudi kwa mzee wangu, nikamtaka radhi, na mwanawe akampeleka kliniki. Leo yuko nasi msikitini, juu ya kiti, pembeni mwa safu ili asigusane na mtu. Ubavu bado humchoma usiku mmoja mmoja, lakini analala, na wanawe hawanong'onezani tena.

Allah awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wanaowasadiki. Amin.