Kalamu ya Bibi Salme

Bibi Salme binti Said alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake alikuwa Sultani Seyyid Said. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria Mcherkasi. Siku zile mabinti wa kifalme walifundishwa kusoma Kurani, wala hawakufundishwa kuandika. Salme alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia.

Ujuzi huo ndio uliomponza. Seyyid Said alipofariki mwaka 1856, mwanawe Majid alirithi Unguja. Mwaka 1859 ndugu yao Barghash alitaka kumpindua. Dada yao Khole akamvuta Salme upande huo, akawa mwandishi wa barua za siri, hali umri wake ni miaka 15 tu. Uasi ulizimwa kwa msaada wa Waingereza, na Barghash akapelekwa Bombay. Majid alimsamehe Salme. Lakini alipopatana na Majid, Barghash na Khole walimchukia.

Mwaka 1866 alikimbilia Aden, na mwaka uliofuata akabatizwa na kuolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mumewe alifariki mwaka 1870, akamwachia watoto watatu ugenini. Mwaka 1885 alirudi Unguja kudai urithi wake; Barghash, aliyekuwa Sultani wakati huo, alikataa kumwona.

Mwaka 1886 alitoa kitabu cha maisha yake kwa Kijerumani. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, shika jembe ukalime, wakipatana, shika kapu ukavune. Kwa Bibi Salme, siku ya kapu haikufika.