Mazoea ya Kulala na Athari Zake kwa Umakini wa Akili na Hali ya Moyo

1.0 Utangulizi

Waswahili husema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii hudokeza kwamba anayepitia jambo ndiye anayelijua zaidi. Suala la usingizi nalo huamuliwa kwa mantiki hiyo. Mtu anayelala saa chache huulizwa anajisikiaje, naye akijibu kuwa hana tatizo, jibu lake hukubaliwa. Makala haya yanafafanua namna mazoea ya kulala yanavyoathiri umakini wa akili na hali ya moyo, na yanaonesha kwamba kigezo cha kujisikia hakitoshi, kwa kuwa athari za usingizi haba huweza kuongezeka pasipo mwenyewe kuzitambua.

2.0 Usingizi na Umakini

Mtu anapokuwa macho, kemikali iitwayo adenosini hujikusanya katika ubongo na kuongeza haja ya kulala. Anapolala, kiwango chake hupungua. Kafeini iliyomo katika chai na kahawa huizuia adenosini kufanya kazi yake, lakini haiiondoi. Kwa hiyo, kahawa huficha haja ya usingizi kwa muda tu.

Athari za kulala kidogo kwa mfululizo zilichunguzwa na Van Dongen na wenzake (2003) nchini Marekani. Watu wazima 48 wenye afya njema walishiriki. Baadhi yao waliruhusiwa kuwa kitandani kwa muda wa saa 4, 6 au 8 kila usiku kwa siku 14, na wengine walikesha siku tatu mfululizo. Umakini wao ulipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa kubonyeza kitufe haraka kila ishara ilipotokea. Waliolala saa 6 au pungufu walizidi kudhoofika siku hadi siku, na mwishoni upungufu wao ulilingana na wa mtu aliyekesha hadi usiku mbili. Hata hivyo, walipoulizwa kuhusu usingizi waliouhisi, majibu yao yalipanda siku za mwanzo kisha yakakaribia kutulia. Kwa maneno mengine, utendaji uliendelea kushuka ilhali wahusika walidhani wamekwisha kuzoea.

3.0 Usingizi na Hali ya Moyo

Hali ya moyo nayo huathirika. Yoo na wenzake (2007) waliwaonesha washiriki picha za kuchukiza au kuhuzunisha huku ubongo wao ukipigwa picha. Kwa wale waliokaa macho kwa takribani saa 35, amigdala, yaani sehemu ya ubongo inayohusika na hisia kama hofu na hasira, iliitikia kwa zaidi ya asilimia 60 kuliko ya wale waliolala. Aidha, uhusiano wake na sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kudhibiti hisia, ulikuwa dhaifu. Matokeo haya yanasaidia kueleza kwa nini aliyekesha hukasirika kwa jambo dogo: kichocheo hakijaongezeka, bali udhibiti umepungua.

4.0 Utaratibu wa Kulala

Idadi ya saa si kigezo pekee. Phillips na wenzake (2017) waliwafuatilia wanafunzi 61 wa Chuo Kikuu cha Harvard kwa siku 30. Waliolala kwa nyakati zinazobadilikabadilika walikuwa na matokeo ya chini ya masomo kuliko waliolala kwa utaratibu, ingawa wastani wa saa zao za kulala haukutofautiana sana. Saa za mwili za wanafunzi hao pia zilikuwa zimechelewa. Utafiti huu unaonesha uhusiano tu, hauthibitishi kisababishi. Lakini unadokeza kwamba kufidia usingizi mwishoni mwa juma si sawa na kulala kwa mpango.

5.0 Hitimisho

Iwapo mtu hawezi kupima vyema uchovu wake, basi uamuzi wa nani anafaa kuendelea na kazi usiachwe kwake peke yake. Landrigan na wenzake (2004) walichunguza madaktari wa mafunzo kwa vitendo katika wodi za wagonjwa mahututi nchini Marekani. Madaktari hao walifanya makosa makubwa ya kitabibu kwa asilimia 36 zaidi walipofuata ratiba ya kawaida yenye zamu za saa 24 au zaidi, ikilinganishwa na ratiba iliyofupisha zamu hizo. Kilichobadilishwa kilikuwa ratiba, si bidii ya madaktari. Hivyo basi, kwa daktari, dereva wa masafa marefu na mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani, kinga ya kuaminika zaidi ni saa za kulala zilizopangwa mapema, kabla uchovu haujapata nafasi ya kumshauri.