Kioo Badala ya Utingo

USALAMA WA MITAMBO YA SHAMBANI: Sehemu ya Tatu

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi shafti inayopeleka nguvu kutoka kwenye injini hadi kwenye zana inavyoweza kunasa nguo ya mtu, na kwa nini kifuniko chake hakiondolewi hata kwa dakika moja. Leo tunageukia mahali ambapo dereva hana macho: mgongoni kwake.

Matrekta madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani, kama vile Kubota, Yanmar na Iseki, mara nyingi hufika bila kioo cha kutazamia nyuma. Mashine za kukata nyasi za kukalia, zile tunazoziona kwenye viwanja vya gofu na bustani za hoteli, nazo kwa kawaida ni hivyo hivyo. Vyombo hivi viliundwa kwa kazi ya ndani ya uzio. Lakini trekta la kwetu haliishii shambani. Likimaliza kulima asubuhi, jioni liko barabarani na tela la mpunga, mchanga au matofali, likipitwa na mabasi na bodaboda.

Pengo hilo tumezoea kuliziba kwa binadamu. Utingo hukaa juu ya madigadi, ameshika chuma kwa mkono mmoja, akimwambia dereva nani anakuja nyuma na kama jembe linazama sawasawa. Madigadi iko juu ya tairi kubwa la nyuma. Gurudumu likiingia shimoni na mkono ukateleza, kijana huyo huanguka mbele ya tairi hilo au mbele ya tela, na dereva hana muda wa kusimama. Trekta la kiti kimoja ni la mtu mmoja. Kwa hiyo faida ya kwanza ya kioo ni kumshusha utingo kwenye madigadi.

Mjadala huu wa kioo na msaidizi ni wa zamani. Mwaka 1911, katika mashindano ya kwanza ya maili 500 ya Indianapolis, Marekani, madereva walibeba fundi pembeni, na moja ya kazi zake ilikuwa kutazama nyuma. Ray Harroun alikuja na gari la Marmon lenye kiti kimoja. Wapinzani wake walilalamika kwamba angehatarisha wenzake, naye akafunga kioo mbele yake, akaendesha bila fundi na kushinda. Miaka mingi baadaye alikiri kwamba uwanja ule wa matofali ulikitikisa kioo kiasi kwamba hakuona kitu. Kioo kilikuwepo, wapinzani walinyamaza, lakini hakikufanya kazi. Hatari hiyo hiyo inamkabili kila anayefunga kioo kwenye trekta.

Sababu yake ni hesabu rahisi ya mwanga. Kioo kikigeuka kwa nyuzi 1, mwale unaorudi hugeuka kwa nyuzi 2. Kwa kitu kilicho mita 10 nyuma, huko ni kuhama kwa sentimita 35. Injini ya dizeli yenye silinda moja au mbili hutetema mfululizo, na kioo kilichofungwa kwenye mkono mrefu mwembamba kitaonyesha ukungu mtupu. Vioo vya pikipiki, ambavyo mafundi wengi hukimbilia kwa kuwa ni rahisi, vina kasoro hiyo: shingo ndefu na nyembamba. Ukivitumia, ifupishe shingo, weka washa ya mpira chini yake, na kaza kwa nati mbili zinazobanana. Angalia pia hesi. Katika baadhi ya pikipiki, hasa za Yamaha, kioo cha kulia kina hesi ya kinyume, na fundi asiyejua ataiharibu kwa kulazimisha.

Mahali pa kufunga ni muhimu kuliko kioo chenyewe. Boneti ya bati hutetema na kukuza mtikisiko. Madigadi nene ni afadhali. Kama trekta lina upinde wa kinga dhidi ya kupinduka, nguzo zake ni imara zaidi, lakini usizitoboe wala kuzichomelea. Upinde huo umepimwa kubeba uzito wa trekta zima likipinduka, na tundu au joto la kuchomelea huudhoofisha. Tumia klempu ya kubana, na hakikisha kioo hakimzibi dereva anapotazama mbele.

Sasa, kioo bapa au kilichobinuka? Chukua kioo bapa chenye upana wa sentimita 20, kikiwa sentimita 80 kutoka machoni. Mita 10 nyuma yake kitaonyesha eneo la upana wa mita 2.7, pungufu ya njia moja ya barabara kuu. Kioo cha ukubwa huo huo kilichobinuka kwa nusukipenyo cha mita 1.2 kitaonyesha mita 6. Lakini upana huo una gharama: mtoto aliye mita 10 nyuma ataonekana mdogo kana kwamba yuko mita 24. Basi linalokuja kasi litaonekana liko mbali, nalo limeshafika. Kwa kazi ya shambani na kwa mashine ya nyasi, chagua kilichobinuka. Kwa trekta linalovuta tela barabarani, weka bapa kwa kupima umbali na kidogo kilichobinuka chini yake kwa kuona pembeni.

Kama fedha inatosha kioo kimoja tu, kiwe cha kulia. Sisi tunaendesha kushoto, na anayetupita hupitia kulia. Ajali ya kuogopwa ni ya trekta linalokata kulia kuingia shambani wakati gari la nyuma limeshaanza kulipita. Marekani hesabu hiyo ni kinyume, hivyo usifuate picha za huko bila kufikiri.

Kuna jambo moja ambalo kioo hakiliwezi: kurudi nyuma penye watoto. Eneo lililo nyuma kabisa ya zana, karibu na ardhi, halionekani kwenye kioo cha pembeni. Trekta linalorudi kwa kilomita 4 kwa saa hufika mita 3 kwa sekunde zisizozidi 3. Kwa mashine ya nyasi hatari ni kubwa zaidi, maana viwango vya Marekani huruhusu ncha ya kisu kufikia takriban mita 96 kwa sekunde. Ndiyo sababu mashine nyingi za huko huzima visu zinaporudi nyuma, isipokuwa dereva aamue vinginevyo kwa swichi maalumu. Usiruhusu fundi akate nyaya za kinga hiyo.

Ukishafunga kioo, kipime. Zima injini, kaa kitini, na mwambie mwenzako asogeze ndoo nyuma ya trekta hatua kwa hatua. Kila ndoo inapopotea, achore mstari ardhini. Eneo lililozungushiwa mistari hiyo ndilo la kushuka na kulikagua kwa miguu kabla ya kuingiza gia ya kurudi nyuma.

Juma lijalo: taa na viakisi vya tela, na namna ya kuonekana usiku na anayekuja nyuma.