Kabla Kaburi Halijafunikwa: Kazi ya Mchunguzi wa Vifo Balambala

Msomaji, chukua mfano huu. Ni asubuhi huko Balambala, kando ya Mto Tana, upande wa juu kutoka mji wa Garissa. Wachungaji wanaoteremsha mbuzi kunywa maji wanaona mwili wa mwanamume umekwama matopeni. Mguu mmoja umetafunwa. Shingoni pana jeraha. Kabla ya adhuhuri watu wamejaa, na kila mmoja ana lake la kusema. Huyu anasema ni mamba. Yule anasema mamba hana hatia. Ni watu wa ng'ambo, maana juzi tu paligombaniwa malisho.

Kufikia alasiri sanda iko tayari. Uislamu unahimiza maiti azikwe mapema, na katika joto lile hakuna anayetaka kungoja. Sasa nikuulize: maiti huyu akishafukiwa, nani atajua ukweli?

Hapo ndipo inapoanza kazi ya mchunguzi wa vifo. Wengi hudhani ni kazi ya kupasua maiti tu. Sivyo. Ni kazi ya kujibu maswali matano: marehemu ni nani, alifia wapi, alikufa lini, nini kilimuua, na je, ilikuwa ni maradhi, ajali, kujiua au mkono wa mtu?

Mamba au kisu?

Mwili wenyewe hujibu, mradi mtu ajue kuusoma. Mtu aliye hai akijeruhiwa, moyo wake bado unasukuma damu, na damu hiyo huingia ndani ya nyama kuzunguka jeraha. Aliyekwisha kufa hana msukumo huo, kwa hiyo jeraha lake huwa limepauka. Maji ya mto huweza kuosha damu ya juu, ndiyo maana daktari hukata kidogo na kutazama ndani. Huenda mamba wetu alikuta mtu amekwisha kufa. Kisu nacho huacha kingo zilizonyooka, ilhali meno hurarua.

Saa ya kifo ni ngumu zaidi. Vitabu hufundisha kwamba mwili hupoa kadiri ya digrii moja kila saa. Lakini Garissa joto la mchana hupita digrii 35, karibu sawa na la mtu aliye hai. Mwili ulio juani hapo haupoi. Kukakamaa kwa viungo, ambako kwenye baridi hudumu siku nzima na zaidi, huku huja upesi na kutoweka upesi, na kuoza hufuata. Mchunguzi wa Balambala basi hana budi kuandika joto la hewa, kivuli, maji, na saa aliyofika.

Tena yako yanayopotea kwa nia njema. Kumwosha maiti ni wajibu wa dini, lakini maji yale huondoa baruti, nywele za mshambuliaji na udongo wa mahali alipofia. Kupiga picha na kuandika maelezo kabla ya kuosha hakuchukui muda mrefu, wala hakumvunjii marehemu heshima.

Kwa nini ukweli huu ni wa lazima?

Kwa mila ya Wasomali, diya ya mwanamume aliyeuawa ni ngamia 100, na mzigo huo hubebwa na ukoo mzima. Wazee wakikaa chini ya mti kusuluhisha, huamua kwa yale waliyoambiwa. Wakiambiwa uongo, ukoo usio na hatia utalipa, au utakataa kulipa, na vijana watachukua silaha. Kifo kimoja kilichopewa jibu la uongo huweza kuzaa vifo kumi.

Kaskazini Mashariki inaijua gharama ya kutochunguza. Februari 1984, katika uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama na wengi wakauawa. Serikali ya wakati huo ilisema waliokufa ni 57. Walionusurika wametaja maelfu. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipotoa ripoti yake mwaka 2013, haikuweza kuthibitisha idadi kamili. Miili haikuhesabiwa kama sheria inavyotaka, na familia zikabaki bila hata karatasi ya kuonyesha kwamba baba yao alikufa.

Linganisha na Aprili 2, 2015, siku Chuo Kikuu cha Garissa kiliposhambuliwa na watu 148 wakauawa. Miili ilisafirishwa hadi mochari ya Chiromo, Nairobi. Alama za vidole zilitumika kuwatambua wengi, na wazazi wengi waliosafiri kutoka pembe zote za nchi wakarudi na watoto wao wa kuzika. Uchungu haukupungua.

Nani hufanya kazi hii?

Nchini Marekani wako watu walioisomea kazi hii hasa bila kuwa madaktari, na bodi ya kuwapa vyeti ilianzishwa mwaka 1998. Kenya mzigo wa kwanza humwangukia mkuu wa kituo cha polisi. Kifungu cha 386 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka achunguze kifo cha ghafla au cha kutiliwa shaka, aandike majeraha na mivunjiko, kisha amjulishe hakimu. Daktari hupasua, hakimu husikiliza. Mwaka 2017 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda idara maalumu ya wachunguzi wa vifo, lakini miaka ilipita bila idara hiyo kusimama.

Je, dini inakataa upasuaji? Wanazuoni wengi wameuruhusu panapokuwa na haja ya kweli. Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliuruhusu mwaka 1976 kwa ajili ya kesi za jinai na kuzuia maradhi ya kuambukiza. Kinachodaiwa ni haraka na heshima: maiti apasuliwe siku ile ile inapowezekana, ashonwe vizuri, arudishiwe watu wake.

Nawe msomaji, hata ukiwa Nairobi au Mombasa, siku moja unaweza kuwa wa kwanza kumkuta maiti. Usimsogeze. Usiokote kisu wala ganda la risasi. Angalia saa. Kumbuka nani alikuwepo. Ita polisi au chifu, kisha mfunike kwa shuka safi mara tu wanapomaliza kupiga picha.

Na wewe mwanafunzi unayependa baiolojia na kemia, usiikimbie njia hii kwa hofu ya mochari. Kuna udaktari, uafisa wa kliniki, uuguzi na upelelezi, na Garissa penyewe pana chuo cha mafunzo ya utabibu. Balambala inahitaji kijana wake atakayefika mtoni kabla ya alasiri, anayejua lugha ya wazee na kuheshimu sanda, na ambaye akiulizwa kama ni mamba au ni mtu, atajibu kwa alichokiona.