Mimbari Tupu: Midahalo ya Urais Nchini Kenya na Pengo la Sheria

Mdahalo wa urais, yaani mjadala unaowakutanisha wagombea mbele ya kamera ili wahojiwe na kujibizana kwa muda uliopangwa, haukuwahi kufanyika nchini Kenya hadi tarehe 11 Februari 2013, wagombea wote wanane waliposimama katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, wawili kati yao, Paul Muite na Mohammed Abduba Dida, wakiwa wameongezwa mwishoni baada ya Muite kwenda mahakamani kupinga kuachwa nje. Usiku huo Uhuru Kenyatta, aliyekabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, alitakiwa aeleze angetawala vipi huku akijitetea Uholanzi. Alipoliita jambo hilo changamoto yake binafsi, mgombea mwenzake Raila Odinga alisema kuwa ni vigumu kuendesha serikali kwa Skype kutoka The Hague. Majibizano ya namna hiyo hayapatikani katika mkutano wa hadhara, ambako mgombea hujichagulia maswali ya kuyajibu na umati unaomshangilia mara nyingi umekwisha kuamua.

Hata hivyo, mdahalo wenyewe umeachiwa hiari ya wagombea. Sheria ya Kenya haimlazimu yeyote kuhudhuria, na waandaaji, ambao ni vyombo vya habari, hawana adhabu ya kutoa isipokuwa kuionyesha nchi mimbari isiyo na mtu. Mwaka 2017 Uhuru hakufika katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, Raila akahojiwa peke yake. Mwaka 2022, mahali palepale, Raila aliususia mdahalo na ikawa zamu ya William Ruto kuhojiwa bila mpinzani. Mwaka huo kiliwekwa pia kizingiti, yaani kiwango cha chini cha uungwaji mkono katika kura za maoni, cha asilimia 5, na wagombea wawili waliokuwa chini yake wakatengewa kikao cha awali. George Wajackoyah alikataa kuingia, akidai wagombea wote wakae jukwaa moja, na David Mwaure akabaki kujibu maswali peke yake. Usiku mzima ukapita pasipo wagombea wawili kujibizana hata mara moja.

Korea Kusini ilikwisha kuliona tatizo hili: sheria yake ya uchaguzi imeunda tume ya midahalo ya utangazaji, na mgombea anayepaswa kushiriki asipofika bila sababu ya msingi hutozwa faini. Kenya ingefaa kufuata njia hiyo, kwa kuwa anayejiona anaongoza ana kila sababu ya kukwepa maswali, na sheria itakayotungwa iguse lugha pia, maana kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, ilhali midahalo hii imeendeshwa zaidi kwa Kiingereza, hata mpiga kura asiyekimudu akalazimika kusubiri kusimuliwa na wengine yale ambayo anayeomba kura yake alikuwa akiyasema.